Mikono ya Sista Blandina

Huku Nyololo mtu akikunyima mkono, amekutukana. Mnakutana njiani, mnasimama, mkono wa kulia unatolewa, wa kushoto unashika kiwiko kuonyesha heshima. "Kamwene," unasema, naye anajibu "kamwene," na mkono hauachiwi mpaka muulizane habari za nyumbani, za shamba, na za mgonjwa kama yupo. Mimi mwenyewe si Mhehe wala Mbena. Babu yangu alipanda huku kutoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akazikwa hukuhuku, na duka alilotuachia liko kando ya barabara kuu mpaka leo. Lakini nimezaliwa katika baridi hii, na mtu akinipita bila kunipa mkono nachukia kama wenzangu.

Sasa fikirieni mtu aliyekaa miaka katika mji huu bila kutoa mkono. Huyo ni rafiki yangu Blandina. Watu wanamwita Sista, si kwa sababu ni mtawa, maana ana mume, au niseme alikuwa naye, bali kwa kuwa huku kila muuguzi wa kike ni sista. Anafanya kazi wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, katika hospitali moja ya huku juu ambayo sitaitaja jina. Wamemsema sana. Wamesema anaringa, anawaona watu wachafu, amesoma akasahau alikotoka. Nimeyasikia yote hayo dukani kwangu, watu wakipima vitenge vyangu huku wanampima na yeye, na mara mbili tatu nimewaambia wanunue au watoke.

Ukweli ni kwamba mikono yake ilikuwa inauma. Ndiyo hivyo tu. Huku mwezi wa sita ukungu unashuka mpaka mlangoni, maji ya bomba yanakata vidole, na muuguzi wa watoto njiti ananawa na kujipaka dawa ya mikono kabla ya kumgusa kila mtoto na baada ya kumgusa. Ngozi inakauka, inapasuka kwenye viungo vya vidole, halafu spiriti inaingia katika nyufa zile. Nimewahi kumwona akifungua pochi dukani na tone la damu likaangukia kwenye kitambaa cheupe. Alitaka kukilipia, nikakataa, tukagombana. Lakini kuwaambia watu kwamba mikono inamuuma, hilo hakuliweza. Ana kiburi cha kimya, na mimi nilimpenda nacho hivyohivyo. Akikutana na watu aliificha mikono ndani ya kitenge na kuinamisha kichwa, na wao wakaona maringo.

Mikono haikuwa mibaya hivyo tangu mwanzo. Ilianza mwaka ule hospitali ilipochagua dawa mpya ya kutakasa mikono. Ya zamani ilikuwa imekwisha, na wakala mmoja aitwaye Obeid akaja kutoka Mbeya na begi la sampuli. Metroni, ndiye mkubwa wa wauguzi, akawaita wauguzi wote wajaribu wenyewe, maana alisema dawa itakayopendwa ndiyo itakayotumika. Maneno hayo si ya kipumbavu, hata Blandina aliyakubali. Chupa zikapangwa mezani, kila mmoja akapaka, akanusa. Ilikuwa Julai, mikono ya wote imepasuka. Wakakuta moja nzito, ya waridi, yenye harufu ya maua, ambayo haichomi hata kidogo. Wakaishangilia. Chupa zilizochoma wakazisukuma kando.

Jioni ile Blandina alipita kwangu na chupa ya waridi mkononi. Alijua kwamba miaka ya korona niliuza vitakasa mikono vya kila aina, vya bluu, vya kijani, vingine vimefungashwa nyuma ya nyumba ya mtu. Aliniuliza kwa nini hii haichomi. Nikamwambia kwa sababu ndani hakuna cha kuchoma. Wateja wangu walichagua kwa pua na kwa rangi, na mimi niliuza kilichonunuliwa. Akaigeuza chupa, akasoma yale maandishi madogo nyuma mpaka machozi yakamtoka. Maua yaliandikwa, mafuta ya ngozi yaliandikwa. Kiasi cha spiriti hakikuandikwa popote. Akasema dawa ya hospitali haifai kuwa chini ya asilimia sitini, na isiyojitaja ni afadhali isiingie wodini.

Alimwambia metroni. Metroni alisema mzigo umeshaagizwa, na wauguzi wameshaipenda. Wenzake wakamcheka kidogo, kwamba yeye anataka watu wachomwe. Wodi ikanukia maua. Wakaacha hata kunawa kwa sabuni mikono ilipochafuka, kwa kuwa ile harufu iliwafanya wajione wasafi. Nikilikumbuka hilo damu inanichemka, ingawa najua hakuna aliyekusudia ubaya.

Halafu watoto wakaanza kuondoka. Mtoto njiti ni kitu kidogo, unambeba kifuani ngozi kwa ngozi na bado unaogopa kupumua. Alikuwa anapata joto la ghafla au anapoa ghafla, anaacha kunyonya, na kesho yake mama anatoka wodini na kanga tupu. Blandina alikuja kwangu siku moja, akakaa nyuma ya kaunta chini sakafuni, na akasema, "Naima, tunawaua kwa mikono yetu, na inanukia vizuri."  Nilimwekea chai, ikapoa.

Hatujui kwa hakika kwamba ni ile dawa. Daktari alisema huenda ni hiyo, huenda ni wodi kujaa, huenda ni maji. Lakini safari hii Blandina alisimama mbele ya metroni na hakutoka ofisini mpaka chupa za waridi zilipoondolewa. Famasia ya hospitali ikaanza kuchanganya dawa yake yenyewe, spiriti kali na glisirini kidogo ya kulainisha ngozi, kwa vipimo walivyoletewa kutoka wizarani. Haikunukia kitu. Ilichoma. Wenzake waliipaka huku wakimtazama yeye, na kuna mmoja hakumsemesha mpaka alipohamishiwa Makongolosi. Yeye alipaka kuliko wote, na kwa kuwa glisirini ilikuwa haba, mara nyingi iliyowekwa haikutosha. Mikono yake iliharibika mwaka ule, na haikurudi tena kuwa kama zamani.

Dawa ikapatikana, lakini likabaki la mikono ya watu. Mlango wa wodi uliwekwa chupa na muuguzi wa kuwaelekeza wageni. Bibi anatoka kijijini, anapakwa, anasugua mpaka inakauka vizuri. Anaingia. Sasa mnataka bibi wa Kihehe aingie chumba chenye wazazi kumi na amwone mjukuu wake tu, kana kwamba wengine ni viti? Haiwezekani. Anaanza kitanda cha kwanza, mkono, kamwene, pole kwa kujifungua. Cha pili. Cha tatu. Anampa mkono muuguzi, anampa mkono mfagiaji, na anapofika kwa mjukuu ameshakusanya mikono ya wodi nzima. Dawa ya mlangoni ilikuwa inafutwa na heshima, na hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja katika jambo hilo.

Ndipo Blandina akaweka sheria kwamba wodini hakuna kupeana mikono. Aliwafundisha bibi zetu kunawa, mmoja mmoja, kwa uvumilivu ambao mimi sina. Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kucha. Kila mara aliwarudisha kwenye vidole gumba, maana alisema watu wote duniani wanasahau vidole gumba. Halafu wainue mikono juu, wasijifute kwenye kitenge, wasiguse kitu. Wengi walimwelewa. Waliingia mikono juu wakicheka, wakasalimia kwa midomo.

Mama mkwe wake hakuwahi kufika kwenye mafunzo hayo. Mama Crispin anaishi kijiji cha juu kabisa, karibu na misitu ya mbao, na huteremka kwa nadra. Aliteremka siku Lea, binti yake wa mwisho, alipojifungua kabla ya miezi kutimia. Lea ni wifi yake Blandina, na Blandina ndiye aliyempokea yule mtoto na kumtia kwenye chumba cha joto. Mama Crispin aliingia wodini amejitanda kitenge kipya alichokinunua kwangu asubuhi ile. Alipakwa dawa mlangoni. Akaanza vitanda. Kwa kuwa mkwewe ndiye mkubwa wa chumba, alijiona mwenyeji, akawapa mikono wote kwa fahari, na mwisho akafika mbele ya Blandina, akanyoosha mkono wa kulia, kiwiko ameshika, amepiga goti kidogo. Mama mkwe ampigie goti mkwewe. Alikuwa anamshukuru.

Blandina alikuwa amemshika mtoto wa Lea. Lea ndiye aliyenisimulia, na hata sasa akifika hapo sauti inashuka. Alisema Blandina aliutazama mkono ule, akautazama uso wa mama, akasema taratibu, "Mama, nisamehe. Humu hatupeani mikono. Naomba ukanawe tena."

 Mama Crispin aliurudisha mkono pole pole, akaufunga ndani ya kitenge, akatoka. Hakunawa, hakurudi, hakumwona mjukuu. Alipanda gari la mbao siku hiyohiyo kurudi kwake. Mtoto wa Lea akapona. Leo anakimbia na anavunja vikombe. Lakini mama Crispin hakukanyaga tena nyumba ya mwanawe, na Crispin alipokuwa akipanda kumsalimia alipanda peke yake.

Crispin alikuwa mtu mpole, mpakia magogo. Aliishi kati ya wanawake wawili hao bila kumlaumu yeyote, na nadhani hilo lilimchosha kuliko magogo. Blandina alimtuma mara nyingi apeleke salamu. Alimtuma hata na ndoo yenye koki, mpya, na sabuni, kwa ajili ya nyumba ya mama. Nilimwambia, mwanamke wewe, umemtukana mtu halafu unampelekea ndoo ya kunawia? Alinikodolea macho. Hakuwa ameliona hivyo. Kwake ndoo ile ndiyo zawadi nzuri kuliko zote. Baadaye tulisikia imegeuzwa chombo cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, nikacheka peke yangu.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaanza, magogo yaliporomoka kwenye lori likipakiwa, na Crispin alikuwa chini yake. Blandina aliitwa akiwa wodini. Wanasema alimlaza mtoto aliyekuwa naye, akapaka dawa, akasugua mpaka ikakauka, ndipo akauliza wamempeleka wapi. Watu wakalisema na hilo.

Msiba ulikuwa kwa mama Crispin, kule juu, maana mtoto huzikwa kwao. Nilikwenda na Blandina asubuhi. Njiani aliniomba mafuta ya mgando. Nilikuwa na kikopo kwenye pochi, sikosi kuwa nacho kwa sababu yake. Akayapaka kwenye gari, kwa uangalifu, kila ufa, kila kidole, akasugua mpaka mikono ikang'aa. Nilimuuliza kama inamuuma sana. Alisema, "Leo watu watanipa mikono. Isije ikawakwaruza."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, na ninyi mtajua kwa nini nimeyashika.

Tulipofika tulimkuta mama Crispin amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa. Blandina akakaa ukutani, upande wa pili, kwa kuwa hapo ndipo palipoachwa wazi. Nilimshika mkono, nikamwachia, nikaenda jikoni nyuma ya nyumba kusaidia. Nilikuwa namenya vitunguu, machozi yananitoka kwa sababu mbili, ndipo nikainua kichwa na kuona kupitia mlango wa uani jinsi watu wanavyoingia.

Waliingia kwa mstari, kama ilivyo desturi. Wakampa mama Crispin mkono, wakamshika kwa muda mrefu. Wakawapa mikono shangazi wote. Walipomfikia Blandina waliikunja mikono kifuani, wakainama, wakasema, "Pole, Sista," wakapita. Mmoja baada ya mwingine. Wazee, majirani, wapakiaji wenzake Crispin, wauguzi wenzake. Blandina alikuwa ameuweka mkono wa kulia juu ya goti, kiganja kimetazama juu, kinang'aa mafuta. Kila mtu alipokaribia mkono ule uliinuka kidogo. Kila mtu alipopita ulishuka.

Nikaacha vitunguu. Nilimkuta Lea mlangoni akipokea wageni na nikamuuliza kwa ukali amewaambia nini watu. Lea alishangaa. Alisema amewaambia wasimsumbue. "Dada Naima, si unajua hapendi kushikwa? Na leo ana uchungu. Nimewaomba wote wamheshimu." Alikuwa ametoa hata ulanzi kwenye ile ndoo, akaisugua, akaijaza maji, akaiweka uani na sabuni, kwa heshima ya wifi yake aliyemwokolea mtoto. Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya hata moja. Nilimwambia wampe mikono sasa, lakini mstari ulikuwa umekwisha na jeneza linatoka.

Tuliporudi kutoka makaburini watu walitawanyika uani kula. Ndani walibaki wachache. Blandina alirudi palepale ukutani na kuuweka mkono palepale juu ya goti. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa uani na sahani. Nikamwona mama Crispin anainuka kwenye mkeka. Alitembea mpaka mbele ya mkwewe, akasimama. Akautazama mkono ule uliofunguka. Nyufa zilikuwa zimeanza kuonekana tena, mafuta yamekwisha. Nadhani alikuwa hajawahi kuiona mikono ile kwa karibu. Alisimama muda, kisha akageuka, akanipita mlangoni, akatoka.

Blandina aliona mgongo ukiondoka. Akauvuta mkono, akauingiza ndani ya kitenge pamoja na mwenzake, akajilaza chini, uso ukutani.

Mama Crispin alikwenda kwenye ndoo. Akafungua koki, akachukua sabuni. Sijui alifundishwa na nani. Labda siku ile ya wodini alisimama nje ya dirisha kabla ya kuondoka, labda Lea alimwonyesha. Alinawa viganja, akanawa migongo ya mikono, akaingiza vidole katikati ya vidole, akakwaruza kucha kwenye viganja. Hakujifuta. Aliinua mikono juu, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni, akanipita tena mlangoni na kuingia ndani.

Akamkuta Blandina ameugeukia ukuta, mikono haionekani.

Ningeita. Kila siku nasema ningeita. Lakini mimi mwenye mdomo wote huu nilibaki mlangoni na sahani. Yule mama alisimama na mikono yake imeinuliwa mpaka maji yalipokoma kudondoka. Kisha akaishusha, akaifuta kwenye kitenge, akarudi kwenye mkeka wake na kufunika kichwa. Asubuhi tuliondoka. Waliagana kwa midomo.

Nilimwambia Blandina baadaye, dukani, siku ya mvua isiyo na wateja. Nilimsimulia yote kuanzia alipogeuka. Alisikiliza akikitazama kitambaa kilichokuwa mezani. 

"Vidole gumba?" akauliza. "Alinawa na vidole gumba?"

Nikamwambia alivinawa, kimoja kimoja, akivizungusha ndani ya kiganja.

Ndipo akalia. Siku ya maziko hakulia, hata watu wakalisema. Alilia juu ya vitambaa vyangu, mikono amejifunika usoni, na chumvi ya machozi iliingia kwenye nyufa zile, nikaona zinavyomchoma, asiiondoe.

Hiyo ni miezi mingi sasa. Mama Crispin hajateremka. Kila nikimwambia Blandina twende, nitafunga duka, tutapanda gari la mbao twende wote, anakubali kwa kichwa. Anasema anasubiri kwanza mikono ipone, ili atakapompa isiwe mibaya. Nami nampa kikopo cha mafuta, anaondoka nacho, na kesho yake asubuhi anaingia wodini, anafungua bomba.